Diski ya Nje Yaugua, Wananchi Watulie

Idara ya Utunzaji wa Ahadi inapenda kuutangazia umma kwamba diski ya nje iliyohifadhi ahadi zote zilizowahi kutolewa na serikali imeugua ghafla, kwamba hali yake inaendelea kuwa mbaya kwa utaratibu mzuri, na kwamba wananchi hawana sababu ya kuingiwa na wasiwasi, maana wasiwasi haumo katika bajeti ya mwaka huu.

Tangazo hilo aliliandika Kaimu Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe, akalisoma mbele ya kioo cha chooni, likampendeza, hasa pale penye "kwa utaratibu mzuri". Akaagiza libandikwe getini.

Alikuwa Kaimu tangu mtoto wake wa kwanza anatambaa. Sasa mtoto ananyoa ndevu na baba bado anakaimu. Kazini aliitwa Kaimu, mtaani Kaimu, na hata mkewe alipomwamsha alimwita hivyo hivyo: "Kaimu, kumekucha." Ndotoni tu ndiko alikokuwa na cheo kamili.

Idara yenyewe ilianzishwa kwa huruma. Zamani wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kukumbuka. Kiongozi anapanda jukwaani, hajamaliza hata salamu, bibi mmoja huko nyuma anapaza sauti: "Mwaka wa mafuriko ulisema hivyo hivyo!" Serikali ikaona hawa watu wanaonewa. Walime, wauze, walee, na bado wakumbuke? Ikaamua kuwatua mzigo. Tangu hapo ahadi zote zikarekodiwa na kutunzwa na Idara, na mwananchi akarudi nyumbani kichwa chepesi. Kanda za zamani zilichomwa moto ili kupata nafasi ya kuweka makochi, baada ya sauti zote kuhamishiwa kwenye diski moja ya nje, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mfanyakazi mmoja aliuliza mbona moja tu. Akajibiwa kwamba mke mmoja hana wa kugombana naye. Akahamishwa.

Diski ikakaa juu ya kabati la Kaimu ikifanya kazi mbili: kutunza ahadi, na kuzuia birika la chai lisiunguze mbao. Siku moja birika likanyanyuliwa kwa pupa na diski ikaanguka sakafuni. Haikupasuka. Ila tangu siku hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta ilisema tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamejificha.

Jambo hili lingeweza kusubiri, kama mambo mengine yote yanavyosubiri, lakini wiki hiyo hiyo Halmashauri ilitaka kubomoa soko. Wauzaji wakagoma. Wakasema Mheshimiwa Waziri, enzi hizo akiwa bado anatafuta kura na hana tumbo, alipanda juu ya kreti la soda pale pale sokoni akaapa kwamba soko halitaguswa. Halmashauri ikawajibu kwa adabu: ahadi kama ipo, isikike. Isiposikika hadi Jumatatu asubuhi, tingatinga litaingia. Kwa hiyo wauzaji wakaja Idarani kuchukua sauti yao, na aliyewaongoza alikuwa muuza nyanya mmoja, mama mkwe wa Kaimu.

Kaimu alipomwona mlangoni alisimama, akafunga kifungo cha koti, akayatazama mazulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo, mama. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua maneno yetu. Yako wapi?"

"Yapo, mama. Yanaumwa."

"Maneno yanaumwa?"

"Chombo, mama. Chombo kilichoyabeba ndicho kinachoumwa. Maneno yenyewe ni mazima, ila hayawezi kutoka."

"Kama mtu mwenye kwikwi."

"Ndivyo hasa, mama."

"Basi mpeni maji."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mmoja, muuza ndizi, akasema, "Usimkaripie mwenzio, ni mkweo huyo." Mama Mkwe hakugeuka.

"Baba, mimi nilikupa binti," alisema taratibu. "Sikukuuliza unafanya kazi gani. Nilisema, ana koti, inatosha. Leo nakuuliza. Jumatatu meza yangu itasagwa na chuma. Wewe kazi yako ni ipi?"

Kaimu alimweleza kwamba kazi yake ni kushughulikia. Na kweli, hawajatoka hata nje ya geti, alikuwa ameshaanza kushughulikia: aliandika barua wizarani, yenye kichwa cha habari "Kuzorota kwa Afya ya Diski ya Nje".

Jibu lilikuja mbio ajabu. Liliandikwa na Mwanasheria wa Wizara, mtu ambaye hakuwahi kulipita neno bila kulikagua mifuko. Alisema ameshtushwa sana na neno "nje". Kama diski ni ya nje, basi si ya ndani. Kama si ya ndani, ni ngeni. Na kama ni ngeni, ilikuwaje ikae miaka yote hii juu ya kabati la serikali bila kibali cha ukaazi, huku imebeba siri za nchi? Wakati swali hilo likifanyiwa kazi, itendewe kama wageni wengine wote wanavyotendewa, yaani kwa heshima na kwa kuchungwa.

Ndipo alipoletwa Afisa Itifaki. Alikuja na mto mwekundu, bilauri ya maji na shada la maua ya plastiki. Diski ikawekwa juu ya mto, mbele kabisa mezani, mahali pa mgeni rasmi. Ikachomekwa kwenye umeme asubuhi mpaka jioni ili isijione imesuswa. Kaimu akateuliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Tiba na Uangalizi wa Mgeni, na kwa heshima ya siku hiyo alivaa tai mbili, moja ya kazi na moja ya dharura.

Kamati ilianza kwa kumkaribisha mgeni. Mgeni akajibu: tik, tik, tik.

"Anasemaje?" aliuliza Mwanasheria.

"Anashukuru," alisema Afisa Itifaki, aliyekuwa na uzoefu wa wageni wasiojua lugha.

Wakati hotuba ya pili inaendelea, simu ya Kaimu iliita. Alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Kaimu akasimama wima, japo simu haina macho.

"Kaimu, huyo mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunapambana, Mheshimiwa."

"Msimkimbize. Mgonjwa anataka kupumzika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa. Apumzike mpaka lini?"

Kisha Mheshimiwa akasema kwa upole sana, "Kuna watu wakipumzika hupumzika moja kwa moja. Na kuna watu wamekaimu muda mrefu mno, inafaa wathibitishwe. Mungu ni mwema, Kaimu."

Kaimu alirudi kwenye kiti chake akiwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa nyumba yake peponi, akiambiwa funguo zipo njiani. Akapendekeza diski iwekwe kwenye friji, maana alisikia mahali kwamba baridi huituliza. Pendekezo likapita. Ikakaa na maziwa ya Katibu Muhtasi mpaka ilipotokwa na jasho, ikatolewa, ikachomekwa tena ikiwa imelowa. Tik, tik, krrr.

"Sasa anaongea zaidi," alisema Afisa Itifaki. "Ameanza kutuzoea."

Ni hapo Mama Mkwe alipoingia kwa mara ya pili, bila hodi, akimvuta kwa mkono fundi simu wa pale sokoni aliyeitwa Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalipaka rangi kwenye kibanda chake ili lisibishiwe. Alikuwa mtu wa domo. Nusu ya simu alizozipokea zilipona, nusu nyingine alisema zilikuja zimeshakufa.

"Zimeni!" alipiga kelele Profesa, hajasalimia hata mtu. "Nani amewaambia muiwashe? Ina kichwa humo ndani, kinakwaruza sahani yenye maneno! Kila mkiiwasha mnazidi kuiparua!"

"Ina kichwa?" aliuliza Mwanasheria, kalamu ikiwa tayari.

"Inacho."

"Basi ina maoni yake. Andikeni hilo."

"Mzee, sikiliza," alisema Profesa, akijipigapiga kifua. "Mimi nimefufua simu iliyomezwa na choo. Hii nipeni mimi. Naichomeka mara moja tu, nanakili kila kitu kilichomo kwenye diski nyingine nzima, sehemu zilizokufa naziruka, kisha maneno yenu tunayatafuta kwenye ile nzima. Hii mgonjwa hatuigusi tena."

"Hiyo nyingine ni ya nje au ya ndani?"

"Ya ndani. Imo kwenye kompyuta yangu."

Mwanasheria akaweka kalamu chini.

"Ndugu fundi," alisema, "unachopendekeza ni kuingiza nchini, yaani ndani, mzigo wa maneno kutoka nje, bila kukaguliwa forodhani."

"Lakini maneno yalisemwa hapa hapa! Mimi mwenyewe nilikuwepo!" alisema Mama Mkwe.

"Yalisemwa hapa, mama, sikatai. Lakini yalihamia nje kwa hiari yao. Ahadi iliyokaa nje muda wote huo hairudi ndani hivi hivi. Lazima iombe."

"Iombe kwa nani?"

"Kwa Kamati hii. Ikiwa na afya njema."

Mama Mkwe alimtazama Kaimu. Kaimu aliyatazama mazulia, ambayo kwa siku hizo chache alikuwa ameyajua vizuri kuliko watoto wake.

"Baba," alisema Mama Mkwe, "hata wewe?"

"Mama, mimi nakaimu tu."

Jioni hiyo mkewe alimtengea chakula mlangoni, upande wa barazani. "Kula, Kaimu," alisema kutoka ndani. "Mama amesema una kazi nyingi."

Kesho yake Mwanasheria alileta suluhisho ambalo Mheshimiwa alilisifu kwenye simu mpaka spika ikakwaruza. Mgeni ni mgonjwa, hana kibali, hasemi alikotoka, na anavutia mikusanyiko getini. Sheria ya wageni wa namna hiyo iko wazi: afukuzwe. Arudishwe nje. Diski ikishaondoka hakuna ahadi, bila ahadi hakuna soko, na hakuna atakayesema serikali imeiharibu. Serikali imefuata sheria, basi.

Kaimu alitia sahihi amri ya kumfukuza kwa wino wa kijani, wino wa Wakurugenzi kamili, aliokuwa ameutunza kwenye droo kwa ajili ya siku kubwa. Akamwita mlinzi wa getini. Afisa Itifaki akatoa hotuba fupi ya kuaga. Diski ikafungiwa kwenye bahasha, ikakabidhiwa.

"Niipeleke wapi, bosi?" aliuliza mlinzi.

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje ni nje! Hujui kusoma? Imeandikwa irudishwe nje."

Mlinzi alikuwa amelinda geti lile kwa uaminifu mkubwa, na kwa upande wake dunia yote iligawanyika mara mbili: ndani ya geti, na nje ya geti. Alipiga saluti, akatembea mpaka getini, akafungua, akaiweka bahasha juu ya jiwe la kukalia wanaosubiri, akafunga geti. Juu ya jiwe alikuwa amekaa Mama Mkwe.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Sijui, mama. Si cha hapa. Kimefukuzwa."

Mama Mkwe akachungulia ndani ya bahasha. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kuitwa mwizi, akampigia mkwewe simu.

"Baba, kitu chenu cha nje kikiokotwa na mtu aliyeko nje, inakuwaje?"

Kaimu alifunika simu kwa kiganja, akamuuliza Mwanasheria. Mwanasheria, ambaye wakati huo alikuwa anakunywa chai ya pongezi, alijibu bila kufikiri kwamba kilichoko nje hakiihusu tena Idara, na kwamba swali lenyewe ni la kipuuzi.

"Mama," alisema Kaimu kwa fahari ya mtu mwenye jibu kamili, "Idara haina mamlaka yoyote nje ya geti."

"Haya. Ahsante, baba. Leo umenisaidia kweli."

Kaimu alikata simu akiwa na furaha. Ilimchukua mpaka mwisho wa kikombe kuanza kujiuliza amemsaidia nini.

Jumapili alikwenda sokoni kwa mama mkwe wake, kwa cheo cha ukwe, ambacho hakukuwa na haja ya kukikaimu. Akamkuta na wauzaji wenzake wamejazana kibandani kwa Profesa. Diski ilikuwa imelala mezani, feni imeelekezwa kwayo, nayo inatoa mlio mdogo. Profesa alikuwa amewaahidi kurudisha kila kitu. Kilichorudi, kwa sehemu kubwa, kilikuwa makofi. Sauti za maneno zilikuwa zimekwaruzika: "...barabara ya lami kabla ya..." krrr, "...kila nyumba maji ya..." krrr, "...na mimi mwenyewe nita..." krrr. Makofi yenyewe yalitoka salama yote, mkutano baada ya mkutano, bila hata nukta kupotea.

"Yaani tumepiga makofi hivi?" alisema muuza ndizi, mikono kiunoni. "Mpaka diski imechoka, makofi yetu bado mazima!"

"Makofi hayana uzito, ndiyo maana," alisema Profesa, ambaye hakujua sababu.

Kisha akaiweka mikono juu kama kipa. "Kuna moja. Nzima kabisa." Akataka kuibonyeza. Mama Mkwe akamshika kidole.

"Acha. Kesho. Tutaisikia pamoja na mwenyewe."

Jumatatu asubuhi tingatinga lilikuwa mlangoni mwa soko, limefungwa utepe, kwa kuwa hata kubomoa kunazinduliwa. Mheshimiwa alifika na suti nyeupe. Kaimu alibeba mkasi; aliyoyaona Jumapili hakuyataja, maana hakuulizwa.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa, "mimi ni msikivu. Mlisema kuna ahadi. Nimekuja niisikie." Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akakaa hivyo kwa muda mrefu kidogo, wapiga picha wakapata walichotaka. "Mnaona? Kimya. Sasa nani mwongo?"

Kipaza sauti cha muuza sumu ya panya kikakohoa. Kilikuwa kile kile kilichozoea kutangaza kwamba panya atatoka mwenyewe na kufia barazani. Safari hii ikatoka sauti nzito, changa, yenye moto.

Mheshimiwa akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Akamwinamia Kaimu.

"Nani huyu? Anaongea vizuri sana."

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"...soko hili halitabomolewa nikiwa hai!" sauti ilinguruma. "Na siku mtakapokuta tingatinga mlangoni hapa, msilie! Bebeni meza zenu, njooni mpange bidhaa ofisini kwangu! Mezani kwangu! Na mimi nitakaa pembeni niwapimie nyanya!"

Yakafuata makofi. Profesa alikuwa ameyaunganisha na makofi yote mengine aliyoyapata, kwa hiyo hayakuwa na mwisho. Mheshimiwa alifungua kinywa mara kadhaa, lakini desturi ni kwamba mtu hazungumzi makofi yakipigwa.

"Haya jamani," alisema Mama Mkwe, akiinamia upande mmoja wa meza yake. "Mwenyewe amesema. Bebeni."

Hawakuvunja kitu. Hawakutukana mtu. Walibeba meza, mizani, mafungu, miavuli, wakatembea katikati ya barabara, na mlinzi wa wizara alipowazuia, Mama Mkwe alimsikilizisha sauti ya Waziri wake, naye akapiga saluti na kufungua. Kabla ya adhuhuri nyanya zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya Mheshimiwa, kubwa chini, ndogo juu, na muuza ndizi alikuwa amepewa ukumbi wa mikutano, akilalamika kwamba wateja hawapiti.

Mheshimiwa aliporudi alikuta foleni ngazini. Nyuma yake, polepole, kwa mngurumo uliotikisa vioo, likaja tingatinga. Likasimama mbele ya mlango mkuu, likainua koleo lake.

"Wewe!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Unakwenda wapi?"

Dereva alichungulia. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nabomoa soko, mzee. Nimefika kule, halipo. Nimeuliza, nimeambiwa limehamia hapa."

"Hii ni wizara!"

"Amri inasema soko libomolewe popote litakapopatikana."

"Pumbavu gani ameandika hivyo?"

Mwanasheria, aliyekuwa nyuma ya nguzo, alieleza kwa sauti ndogo kwamba maneno hayo ni yake, aliyaweka ili wauzaji wasije wakakwepa kwa kuhamia mtaa wa pili, na kwamba kisheria hayana hata tundu la kupitisha sindano.

Koleo likashuka kidogo. Chokaa ikamdondokea Mheshimiwa begani.

"Kaimu! Fanya kitu!"

"Mheshimiwa," alisema Kaimu, na kwa mara ya kwanza hakuona aibu kulisema, "mimi nakaimu tu."

Mheshimiwa akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, kwa suti nyeupe, akapanda juu ya kreti la nyanya, akanyoosha mikono mbele ya ukuta wa wizara yake, na kupiga yowe:

"Soko hili halitabomolewa nikiwa hai!"

"Sisikii, mzee!" alijibu dereva. "Injini!"

Pale ngazini simu zilianza kuinuliwa, moja, tano, kisha zote, mpaka mwanga wa vioo vyake ukamfanya Mheshimiwa afumbe macho. Mama Mkwe alimsukuma Kaimu pembeni ili asizibe.

"Rudia, Mheshimiwa," alisema. "Taratibu, na utaje jina lako mwanzoni. Safari hii tunarekodi wenyewe."

Mheshimiwa akakohoa, akapangusa chokaa begani, akarudia.